Vile Nilijaza Seva Watu Mbele ya Haji

Kabla niwaambie vile nimeaibika leo, ngoja nianzie mbali kidogo. Nikiwa kijana, bado nina meno yote, D.O., afisa wa serikali wa wilaya, alikuja kufungua josho la ng'ombe huko kwetu. Akapata wazee wanne, mama mmoja na punda. (Punda hakuwa ameitwa.) Yule bwana hata hakushuka kwa gari. Aliangalia kwa dirisha, akaangalia saa, akamwambia dereva ageuze. Josho lile halijawahi kupata paa mpaka leo. Baba akaniambia, "Kijana, mgeni haangalii kitu. Anaangalia watu." Maneno hayo yaliniingia kuliko hesabu, na hesabu nilisoma mpaka darasa la pili tu, mwalimu akachoka.

Sasa tuje kwa leo.

Nyinyi wa hii WhatsApp ya ukoo, wengi hamjui Jukwaa la Mbuzi. Ni mahali kwa mtandao ambapo wafugaji wa Mbumbuni, Matiliku, mpaka Tseikuru kule juu, huulizana mambo ya mbuzi. Lilianzishwa na Mutheu, binti ya jirani yangu, yule mwenye saiba, duka la kompyuta, hapa Mbumbuni. Mimi magoti yamekataa soko, kwa hivyo soko langu ni hapo. Asubuhi nasalimia watu. Mtu akiuliza habari ya mbuzi aliyevimba tumbo, wanasema, "Ngojeni Daktari aamke." Daktari ni mimi! Nyumbani hakuna mtu ananiita Daktari. Nyumbani naulizwa kama nimeoga.

Lakini siku hizi jukwaa limekuwa likijikokota. Unafungua, unaenda kukamua, unarudi, bado. Mutheu akanieleza kwamba kuna mashine inaitwa seva, tunaikodisha, na ndiyo inabeba maneno yetu yote na picha. Yetu ni ndogo. Inazidiwa.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Ujerumani, Mzee."

"Na nani anaichunga huko?"

"Wenyewe, Mzee."

(Hiyo bado naifikiria. Mbuzi akikohoa Matiliku, habari inapanda mpaka Ulaya kwanza ndipo ishuke Mbumbuni. Si ingepita tu hapa chini?)

Kodi ya hiyo seva inaisha mwezi huu. Bila mfadhili, Mutheu anafunga jukwaa, na mimi narudi kuwa mzee wa kukaa kando ya ghala nikifukuza kuku. Lakini kuna Haji Adan, mnunuzi wa mbuzi kutoka Tseikuru. Alisema atatulipia seva kubwa mwaka mzima, mradi aone kwanza kwa macho kama kitu chenyewe kinafanya kazi. Akasema atakuja Jumatatu, saa nne.

Mutheu akaniambia, "Mzee, nataka Haji akute jukwaa linatembea vizuri. Wewe uje tu ukae."

Nikae tu? Mimi? Na mgeni akute jukwaa tupu kama lile josho?

Jana kanisani nikamwomba mchungaji dakika mbili. (Mwishowe maikrofoni alininyang'anya mwenyewe.) Nikasema, "Kesho saa nne kamili, kila mtu mwenye simu aingie Jukwaa la Mbuzi! Na muweke picha za mbuzi, zile kubwa kubwa, mgeni aone sisi si watu wachache!" Halafu nikampigia binamu yangu Kimanzi wa Matiliku, yule wa kutangaza na spika sokoni. Naye akapitisha.

Leo tumeketi saiba: Mutheu, Haji na mimi. Chai iko. Haji ni mtu wa pole, haongei sana. Mutheu alikuwa amefanya kazi kubwa ya kupunguza picha za zamani, na jukwaa likafunguka paap! Haji akafinya hapa, likaenda. Akafinya pale, likaenda. Akatoa simu mfukoni.

"Pesa nitume kwa namba gani?"

Saa nne ikafika.

Kwanza ikaingia "Karibu Haji!" Nikatabasamu. Ikaingia picha ya mbuzi. Zikaingia zingine. Ikaingia ya kuku. (Mtu asiye na mbuzi hakutaka kuachwa.) Halafu kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

"Inafanya nini?" Haji akauliza.

"Inafikiria," Mutheu akasema. Jasho hilo!

"Inafikiria nini?"

Ukurasa ukawa mweupe kama sahani.

"Watu hawa wote wametoka wapi leo?" Mutheu akashangaa.

Hapo ndipo nilikuwa nangojea. Nikasimama, nikashika fimbo yangu vizuri. "Ni mimi nimewaita!" Nikawaachia nafasi ya makofi.

Hakuna makofi.

"Mzee," Mutheu akasema polepole, "umeangusha seva."

"Mimi? Sijaigusa! Si iko Ujerumani?"

"Wameingia wote pamoja. Imelemewa. Waambie watoke!"

Ngai! Mkutano gani huu, watu wakija ndio unaharibika? Lakini sikubishana. Nikampigia Kimanzi. "Ambia watu watoke, jukwaa limekataa kufunguka!"

Mutheu akafinya finya, akaomba, na kitu kikafufuka. Haji akachukua simu yake tena. Na mimi yangu bado iko kwa sikio, nikamsikia Kimanzi akitangazia soko zima: "Jukwaa la Mbuzi limekataa kufunguka! Narudia, limekataa kufunguka!"

Sasa niambieni, mtu wetu akiambiwa kitu hakifunguki, anafanya nini? Si anajaribu! Hata wale hawakuwa na habari na jukwaa, wauza nyanya, washona viatu, wote wakatoa simu waone kama ni kweli.

Sahani tena.

Haji akarudisha simu mfukoni. Akaniangalia sana, si kwa hasira, vile mtu huangalia ng'ombe aliyepanda juu ya nyumba. "Wallahi, mzee," akasema, "wewe ukiita watu, wanakuja."

Sijui kama alinisifu. Akamgeukia Mutheu, akafungua mdomo aseme jambo. Sikungoja. Nikasema naenda nje kuangalia mbuzi wangu.

Sikuwa nimekuja na mbuzi.

Nilitembea tu, magoti yenyewe yakasahau kuuma, mpaka nyumbani. Mutheu amepiga simu mara nyingi, sijashika. Sijui kama Haji alilipa. Sijui kama jukwaa bado liko. Mimi huko sirudi tena. Lakini kama kuna mmoja wenu ana bando, aingie aniangalilie.

Mmoja tu, jamani. Mmoja!