Sura Nzima Niliyoandika Juu ya Jiwe la Machame

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya Wazungu kumi na wanne, na koti langu nilikuwa nimelifunga hadi shingoni.

Nipo jikoni kwa shangazi, Machame. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Ngoja niwasimulie kabla sijaghairi.

Kwa wasiojua (na shangazi amehakikisha usharika mzima unajua), mimi nasoma historia Ujerumani, shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni juu ya mifereji ya zamani huku mlimani, ile waliyochimba wazee kuteremsha maji kutoka msituni hadi migombani. Leo saa tano nilitakiwa kuuonyesha kwa video, mimi nimesimama mferejini, profesa na wenzangu wamekaa darasani kule. Profesa akikubali, naendelea kuandika. Akikataa, natafuta mada nyingine na mwaka mzima umekwenda na maji.

Nguzo ya kazi yangu ni jiwe. Nililiona Desemba, nilipokuja Krismasi, pembeni ya mfereji kwenye kihamba cha jirani, yaani shamba lake la migomba. Jiwe kubwa, watu watatu wanakaa bila kugusana. Juu yake kuna mistari mitatu iliyochimbika, imelala sambamba, na kando yake kishimo cha mviringo mfano wa kikombe. Moyo ulinilipuka! Nikapiga picha hamsini. Nikarudi Ujerumani, nikaandika sura nzima, kurasa arobaini. Mistari mitatu: zamu za maji za koo tatu. Kishimo: mahali wazee walipomimina mbege, pombe yetu ya ndizi, wakitambika ili mfereji usikauke.

(Nilimuuliza nani? Swali zuri sana. Mimi ni mtafiti wa masimulizi ya wazee ambaye hakuuliza mzee hata mmoja.)

Asubuhi chai imenishinda. Nimekagua bando mara tisa. Nimebadilisha kilemba mara tatu. Nimetoka uani, nimeingia, nimetoka, nimehesabu migomba bila sababu yoyote.

"Ndeshi, hebu kaa chini," shangazi akasema. "Kuku wenyewe wameshachoka na wewe."

"Shangazi, na wakikataa?"

"Watakataaje? Mimi nimeshawaambia kina mama wa kwaya."

(Ahsante, shangazi. Nilikuwa naogopa profesa peke yake.)

Saa nne na nusu nipo kwenye jiwe. Ukungu, baridi, maji ya mfereji yanapita taratibu. Nikafagia majani makavu. Nikalipangusa jiwe kwa leso kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikafanya mazoezi ya kunyoosha mkono kwa heshima kuelekea kwenye mistari mitatu. Nikajaribu mkono wa kulia, nikajaribu wa kushoto. Ng'ombe wa jirani alikuwa ananitazama, akaacha kutafuna.

Saa tano kamili, simu ikaita. Darasa hilo! Profesa mbele, mama mmoja asiyecheka ovyo, kalamu mkononi. Nyuma yake wenzangu, na kule mwisho kabisa dada mkimya anaitwa Katrin, ambaye mwaka mzima tumesalimiana kwa kutikisa vichwa tu.

Nikaanza. Nyie, niliongea! Kiingereza kilitoka kama maji ya mfereji wenyewe. Nikaeleza koo tatu. Nikaeleza zamu. Nikainamisha simu juu ya kishimo, nikashusha sauti nilipofika kwenye mbege na matambiko. Profesa akawa anaitikia kwa kichwa na kuandika. Anaandika! Nikajiona tayari nimevaa joho.

Hapo ndipo alipotokea mwenye kihamba.

Babu Aminieli ni jirani wa shangazi, umri wake unagonga themanini. Alikuja na gambuti, kofia ya sufu na panga, anakwenda kukatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Samahani, hebu sogea kidogo hapo."

Nikasogea. Profesa akamwona kwenye kioo, akaacha kuandika, akachangamka kabisa. "Huyo mzee ni wa hapo? Vizuri sana! Muulize alama hizo zina maana gani."

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikamgeuzia babu simu, nikauliza kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Babu, hii mistari mitatu kwenye jiwe, maana yake ni nini?"

Babu akaitazama mistari. Akanitazama mimi. Akaitazama tena mistari, akitafuta kama kuna kitu kimemponyoka.

"Hii? Si nanolea panga."

Akainama, akalaza panga kwenye mstari wa katikati, akavuta. *Kwaruuu.* Liliingia sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Na hiki kishimo?" Sauti yangu ilikuwa imeshapungua.

"Hapo bibi yako hupondea magadi ya maharage. Hili jiwe zuri sana. Lilisukumwa na katapila walipokuwa wanachonga barabara ile juu, likaja likasimama hapa. Tukasema basi, Mungu katuletea jiwe."

Katapila! Jiwe langu la kale lililetwa na katapila!

Profesa akauliza: "Amesema nini?"

Jamani, nilikuwa na kama sekunde mbili za kuwa mtu mwaminifu. Sikuzitumia. Nilifikiria kurasa arobaini. Nilifikiria kina mama wa kwaya. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Anasema ni alama za mababu, za zamani sana. Na hapa anatuonyesha jinsi... jinsi walivyokuwa wakizichora."

Profesa akaandika.

Ndipo kule nyuma darasani mkono ukapanda, na sauti ikatoka kwa Kiswahili kilichonyooka, kina lafudhi ya huku huku kwetu:

"Shikamoo, babu! Samahani, dada Ndeshi, nadhani babu amesema ananolea panga."

Katrin.

Katrin, nyie! Kumbe alikaa Shirimatunda, pale Moshi mjini, mwaka mzima, anafundisha watoto wa chekechea. Shirimatunda! Mimi nimezaliwa Soweto ya Moshi, mtaa wa jirani, ningeweza kwenda kwa miguu kumsalimia!

"Marahaba!" babu akafurahi, akaisogelea simu hadi ikawa pua tupu. "Wewe binti, umejifunzia wapi?"

Profesa akamgeukia Katrin, akamwomba atafsiri yote. Akatafsiri yote. Panga, magadi, maharage, katapila. Hakuacha hata koma. Mtu mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Heri wangecheka wote. Profesa hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanitazama kwa muda mrefu, na kutoka Machame mpaka Ujerumani sikuona pa kujificha.

Babu akashtuka. "Mbona wamenyamaza? Nimekosea kusema?"

"Hapana, babu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea. Wewe umesema ukweli, mimi nikawatafsiria uongo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa," nikasema. "Niliandika mambo mengi juu ya hili jiwe bila kukuuliza."

Babu akalipangusa panga kwenye suruali. "Lakini Desemba nilikuwa hapa hapa. Ukaniamkia, ukapiga picha zako, ukaenda zako. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana haraka."

Hapo macho yalinijaa. (Ukungu. Semeni ni ukungu.)

Nilitamani kukata simu nisingizie mtandao. Lakini babu alikuwa ameshakaa juu ya jiwe, na anapokaa huyo, kunyanyuka si leo. Akamwambia Katrin, wala si mimi, kwamba mfereji wenyewe ndio wa zamani, ila zamani ulipita upande wa pili wa kihamba. Siku moja majirani waliugeuza, maji yakaacha kufika kwao babu. Mama yake akachukua jembe, akamfunga yeye mgongoni akiwa bado mchanga, akaenda akakaa katikati ya mfereji mpya. Akakaa majini tangu asubuhi. Watu wakamtukana, wakambembeleza, yeye hatoki. Mtoto akilia, anamnyonyesha papo hapo, maji yanampita kiunoni. Mpaka wazee wa mfereji wakaitwa, na zamu zikagawanywa upya.

"Tangu siku hiyo," babu akasema, "wanawake wa huku wakaanza kuitwa kwenye kikao cha maji. Kabla ya hapo walikuwa wanasikia tu."

Darasa zima lilikuwa limeinama mbele. Katrin anatafsiri, profesa anaandika mbio. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili, dakika arobaini. Mtafiti mkuu amekuwa kijiti cha kamera. Kila nikitaka kuongeza neno, babu ananiambia: "Shika vizuri, mjukuu, wananikosa."

Mwishowe profesa akaniita kwa jina. Nikajibu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Ile sura ya jiwe, ifute," akasema. "Andika juu ya yule mama. Kuhusu tafsiri yako, tutazungumza ukirudi, na hayatakuwa mazungumzo mafupi. Na kuanzia leo, kila utakachorekodi, Katrin atasikiliza kwanza."

Kwa hiyo mada imepona. Heshima ndiyo imelazwa, hali yake si nzuri. Mchagga wa Moshi natafsiriwa babu zangu na binti wa Kijerumani, na lililo baya zaidi ni kwamba anatafsiri vizuri.

Kesho asubuhi narudi kwa babu na daftari tupu, na nimeshaahidi kwamba sitamwambia kitu chochote, nitauliza tu. Shangazi bado hajui, ametoka mazoezi ya kwaya anaimba. Nawaombeni msicheke. Naona watatu mmeshaanza kuandika hapo chini, na wa kwanza kuniita Profesa Magadi namtoa kwenye kundi.