Mvua Yangu Mbele ya Hakimu

Alhamisi, 4 Februari 1960

Nimefukuzwa kazi asubuhi, kabla ya chai. Bibi Zohrabai, mwenye duka na sakafu ya kuanikia karafuu hapa Madungu, kasema nisiikanyage tena sakafu yake. Miaka mitatu nimeisimamia. Kosa langu: jana alasiri mvua ilinyesha, karafuu zikiwa nje, nami sipo. Nilikuwa kwenye mchezo wa ng'ombe, napiga ngoma. Jua limekuwa kali, mihogo imekauka, na wazee walitaka ng'ombe wachezwe mvua ipatikane. Ngoma kubwa ni yangu. Ingepigwa na nani?

Mvua ikapatikana. Hakuna aliyenishukuru.

Kazi ikienda, na chumba kinakwenda. Tunalala nyuma ya ghala lake, mimi na mke wangu Kazija. Nimekataa kutoka mpaka korti iseme.

Jumatatu, 8 Februari

Nimeusoma mkataba mara nne. Kifungu cha tano: siwezi kuachishwa bila ilani ya mwezi mzima, ila nikiharibu mali kwa kusudi. Hapo nimemshika. Karafuu zimeharibiwa na mvua, si na mimi Nyange.

Nimekwenda kortini Chake Chake kumshitaki Bibi Zohrabai kwa kuvunja mkataba. Nataka kazi yangu na chumba changu. Karani wa korti akauliza kama nina wakili. Nikamjibu kuwa wakili ni wa watu wenye mashaka. Akanitazama sana, kisha akaandika kitu. Nadhani cha kunisifu.

Nafasi yangu kapewa Duni, mpiga zumari. Naye siku ile alikuwa mchezoni, pembeni yangu, mashavu yamemvimba kama samaki bunju. Bibi kasema yeye hakuwa na karafuu za mtu mkononi. Visingizio.

Jumatatu, 15 Februari

Duni anatangaza barazani kuwa mvua ililetwa na zumari lake. Ati ngoma ilikuwa kelele tu. Bibi Zohrabai alikuwa dirishani. Akamwomba alirudie neno lile, polepole. Masikini, umri umeanza kumla masikio.

Kazija kanipa shauri la mtu asiyejua sheria. Nikiulizwa habari ya mvua niseme ni ya Mungu, kisha nifunge mdomo. "Maneno manne, baba. Mvua ni ya Mungu. Huyawezi hayo?" Nikamwambia nayaweza. Kanitaka niyaseme mara tatu. Nimeyasema. Akaenda kufunga matandiko hata hivyo.

Jumatano, 17 Februari

Kesi ilianza vizuri. Niliapa kwa Msahafu, nikasoma kifungu cha tano kwa sauti ya kutosha watu wa sokoni. Hakimu akauliza mvua ile ilikuwa ya nani. Nikajibu, ni ya Mungu. Akatikisa kichwa kukubali. Kazija, kule nyuma, akashusha pumzi.

Bibi Zohrabai hakuwa na la kuniuliza. Akamwita shahidi mmoja tu: Duni.

Duni akaapa. Kasema mvua iliitikia zumari. Kasema ngoma yangu ilikwenda upande hata ng'ombe akasimama, akawa hajui acheze au ale majani. Watu wakacheka. Hakimu akaniuliza kama nina neno, akaongeza kwamba si lazima niwe nalo. Kazija akajifunika uso kwa buibui.

Nikasimama. Nikasema zumari la Duni halijapata kuleta hata umande. Mvua ile niliipigia mimi, tangu baada ya adhuhuri, bila kupumzika, mpaka wingu likafunga. Hakimu akavua miwani. Akauliza, kwa kusudi? Nikasema, kwa kusudi kamili. Akauliza kama nilijua karafuu ziko juani. Nikasema mimi ndiye niliyezianika. Akanipa nafasi ya kufikiri. Nikaikataa.

Kahukumu kwamba korti haina elimu ya waleta mvua, lakini hawezi kumwokoa mdai na kiapo chake mwenyewe. Dai limetupwa. Chumba tukihame ndani ya siku tatu.

Mlangoni Bibi Zohrabai kanisimamisha. "Nyange mwanangu, ngoma yako nzuri. Lakini kaipige mbali na karafuu zangu." Duni alikuwa nyuma yake na alisikia kila neno. Sasa nani kashindwa?

Jumatano, 24 Februari

Tuko Makangale, jikoni kwa mama mkwe. Yeye hupika, mimi hukohoa. Kazija hajasema nami tangu Jumamosi ila kuniambia nisogee.

Nimepata nakala ya hukumu, yenye muhuri. Leo asubuhi nimempelekea Mzee Mjaka, anayekausha nazi ziwe mbata, kwa kuwa anatafuta msimamizi. Nikamweleza kuwa mtu awezaye kuiita mvua anaweza pia kuifukuza, na ushahidi huu hapa, wa serikali. Akaisoma yote, mpaka sahihi ya hakimu. Akanirudishia kwa mikono miwili. Kasema kazi yake ni ndogo mno kwa mtu kama mimi, ila atafikiri.

Anafikiri tangu asubuhi, na sasa ni alasiri. Nampa mpaka Jumatatu. Akiwa bado kimya, narudi Chake Chake kumshitaki kwa kuvunja mkataba aliokuwa karibu kuniandikia.