Nyuzi Kumi na Mbili Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Bonge ametumbukiza kijiko ndani ya kiatu cha baba yake sasa hivi tu. Akakitikisa. Akasikiliza. Akacheka mpaka akakaa chini. Hajafika hata miaka miwili, lakini sikio analo! Amelirithi kwangu. Baba yake akipiga mluzi, mbwa wa jirani huhama.

Wiki hii naandika kila siku, maana ni wiki kubwa. Jumamosi mchana bendi ya mtaa inajaribu wapiga gitaa, pale ukumbini nyuma ya gereji. Yeyote aje, ila aje na gitaa lake. Kupiga najua. Mjomba alinifundisha nikiwa mdogo, mpaka mwalimu akawa ananitoa darasani kwa kupiga dawati kwa vidole. Shule tukaachana, muziki hatujaachana. Tatizo ni moja tu. Gitaa sina.

Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini leo tulikuwa bombani na Wifi. Wifi ni dada wa mume wangu, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ana kucha ndefu na maneno marefu kuzidi kucha. Akatangaza mbele ya ndoo zote kwamba Jumamosi anakwenda na gitaa lake la umeme, la dukani, nyuzi sita, linang'aa hilo! Kisha akanigeukia. Na wewe wifi yangu, utakwenda na nini, na sufuria? Watu wakaangua kicheko. Nikausikia mdomo wangu unasema: mimi langu lina nyuzi kumi na mbili.

Wifi akauliza liko wapi. Nikasema liko kwa fundi. Akauliza fundi gani. Nikasema fundi mmoja hivi, mwanamke, hapendi kusumbuliwa.

Basi fundi ni mimi. Magitaa ya namna hiyo nimeyaona kwa macho yangu: nyuzi zimelala mbili mbili kama mapacha, sauti inatoka nene. Tena langu nitalifanya tumbo wazi ndani, siyo gogo. Kiatu cha leo kimenionyesha, ndani kukiwa tupu sauti inakua.

Lazima niipate nafasi ile. Nafua nguo za watu kutwa, na sioni haya. Ila nataka Bonge akiulizwa mama yako anafanya nini, awe na jibu la pili.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mbao! Mgongo wa kabati letu ni plaiwudi safi kabisa, na kabati likisukumwa ukutani mgongo wa nini? Nimeung'oa. Umetoka mfuniko wa gitaa, umetoka na sakafu yake. Shingo nimeichonga kwenye mguu wa ile meza iliyovunjika. Imenyooka, nyembamba, inapendeza. Nimeipunguza na kuipunguza mpaka ikashikika vizuri mkononi. Mimi na kisu changu cha jikoni!

Mbavu za pembeni ndizo zilizonitesa. Lazima zipinde. Nimeloweka vipande vyembamba kwenye beseni la Bonge kwa maji ya moto, nikavizungushia sufuria kubwa, nikafunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Cha kwanza kimevunjika. Cha pili kimevunjika kwa kunitazama tu. Cha tatu kimekubali! Bonge ameogea ndoo, ameona ni heshima.

Baba Bonge anaoka mikate kiwandani, anatoka kabla hakujakucha, kwa hiyo mchana hukuta mambo yameshatendeka. Leo kafungua kabati kutafuta shati. Shati limeangukia nyuma. Akauliza mbona anauona ukuta ndani ya kabati. Nikasema hewa, nguo zinahitaji hewa. Akauliza na yale makamba kwenye sufuria. Nikasema natengeneza rafu ya vyombo. Akanitazama sana. Mume wangu ni mpole, hata akishuku anashuku polepole.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya mafundi.

Nimeanza kwa fundi baiskeli. Nikaomba waya chakavu za breki. Akauliza nina baiskeli. Nikasema sina. Akauliza sasa breki unataka kusimamisha nini. Nikamwachia acheke, akanipa. Waya mmoja wa breki ukiufumua unatoa nyuzi nyingi za chuma, nyembamba kama unywele. Za kuimba juu nimeacha moja moja, za kunguruma nimesokota tatu tatu. Vidole vyangu vinawaka moto.

Kisha kwa fundi redio. Huyu anapenda utani kuliko kazi. Nikamweleza nataka kidude cha kunasa sauti ya nyuzi, kama kile cha magitaa ya umeme. Akasema ni sumaku tu na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi mpaka ukome au uchoke. Akanipa sumaku za spika iliyokufa na mota ya feni iliyoungua, nifumue mwenyewe. Akaongeza swichi ya kuongezea sauti, ile ya kuzungusha, na soketi ya kuchomekea waya. Akauliza, Mama Bonge, umeme utauacha salama kweli? Nikamwambia afunge mdomo afungue droo.

Nimezungusha ule waya wa shaba tangu Bonge alipolala mchana mpaka alipoamka. Alipoamka akaushika ncha, akakimbia nao mpaka uani. Nikaanza upya. Sikumpiga. Nani atampiga mtoto anayekimbia huku akigeuka kuangalia kama mama anamfuata?

Vya kukazia nyuzi nimepata vya bure: skrubu za pazia, zile zenye jicho. Kumi na mbili kamili, madirisha yote. Mapazia nimeyabana kwa vibanio vya nguo. Wifi kapita nje, kaniona ndani nimekumbatia mguu wa meza. Akaita, wifi, unacheza na nani humo? Nikachuchumaa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kufunga mfuniko. Gundi ya mbao inataka kubanwa, kitu kizito, kisichotikisika, muda mrefu. Nimejaribu mawe, yanateleza. Nimejaribu ndoo ya maji, Bonge kaona bwawa.

Mungu hamwachi mja wake. Mlangoni hodi, mama mkwe!

Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu ndani. Nikaweka gitaa sakafuni juu ya magazeti, nikalifunika kwa mto na khanga, nikamwambia mama, kaa hapa, kigoda kipya, cha wageni wa heshima. Akaketi. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie, ni mwanamke wa kuketi. Akiketi ameketi. Nikampa chai. Nikampa na ya pili. Nikamuuliza habari za miguu yake, na miguu yake ina habari nyingi. Kila akitaka kuinuka namuuliza kuhusu mguu mwingine.

Alipoondoka akasema kigoda ni kizuri ila kina kona. Akasema pia hajawahi kupokewa vile na mimi, na machozi yakamlengalenga. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu, kwa sababu nilipoinua khanga, mfuniko ulikuwa umeshika kama umezaliwa pale! Hata nafasi ya kupitisha wembe hakuna. Na matundu mawili ya sauti niliyoyachonga yananitazama kama macho.

Ijumaa, 7 Juni

Mimi ni mjinga. Naandika ili nisibishane nalo baadaye.

Nimeamka, nimepiga deki, nimefika mezani. Juu ya meza: swichi ya sauti na soketi. Ndani ya gitaa: waya zake, zinaning'inia gizani. Nilipaswa kuvifunga kwa ndani kabla ya kufunika! Na mfuniko umebanwa na mama mkwe. Aliyebanwa na mama mkwe habanduki.

Mlango pekee ni yale matundu. Mkono wangu haupiti. Nikamwita Baba Bonge, nikamwambia ukweli wote: kabati, breki, mapazia, mama yake. Alicheka pale pa mama yake mpaka akaegemea ukuta. Kisha akajaribu. Vidole viwili vikaingia, vikagoma. Mikono ya kukandia unga. Akasema ungekuwa na mkono mwembamba kama wa dada yangu. Nikamwambia hilo jina lisitajwe mbele ya gitaa.

Mwishowe kamba ya kiatu! Nimeipitisha kwenye kitundu cha swichi, nikaivua kwa waya kupitia tundu la sauti, nikaifunga swichi, nikaivuta taratibu, ikatokea mahali pake kama mgeni aliyepotea njia. Soketi vilevile. Kazi ya dakika chache imekula siku nzima, na nguo za mteja bado zimelowa.

Nimefunga nyuzi zote. Nimezikaza nusu tu. Shingo imelia kidogo, kama mlango. Mbao mpya hulia. Nimelipiga bila umeme. Mume wangu aliacha kutafuna. Akasema, wewe! Neno hilo tu. Nimelala nalo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevaa gauni la bluu. Nimegeuka kutafuta kiatu. Nimerudi, Bonge kaingiza mkono wake kwenye tundu la gitaa mpaka kwenye kiwiko.

Hakulia. Alikuwa na furaha. Biskuti yake ilitumbukia, kaifuata, kaikamata, na ngumi iliyoshika biskuti haipiti pale mkono mtupu ulipopita. Nikamwambia achia, baba. Akasema bikuti. Nikamwambia mama atakupa nyingine. Akasema bikuti. Nikapaka mafuta ya kula. Nikaimba. Akaimba na yeye, ngumi palepale.

Saa zinakwenda! Nikambeba mtoto na gitaa, kwa kuwa hawaachani, nikatoka. Mtaa mzima ukasimama. Fundi baiskeli akauliza hizo ndizo breki zenyewe. Watu wakatufuata mpaka ukumbini. Kabla yangu Wifi ameshapiga, amekaa pembeni na gitaa lake linalong'aa, na kwa kusema haki alipiga vizuri, niliusikia muziki wake tangu barabarani.

Kiongozi wa bendi wanamwita Besi, kwa sauti yake. Akauliza mpiga gitaa ni nani kati yetu. Bonge akachoka sasa, akaanza kulia. Kilio kile cha kweli. Fundi seremala aliyekuwa anatengeneza jukwaa akaja na msumeno, mwenye furaha kupita kiasi, akauliza tunakata mkono au gitaa. Utani wake. Nikatazama lile tumbo nililolipinda kwa sufuria. Nikamtazama mwanangu kamasi zinamtoka. Nikasema kata gitaa. Nikageuza uso.

Wifi akaruka. Akamshika seremala mkono, akamwambia ngoja wewe baba, unakata nini? Akatoa pipi kwenye mkoba, akaimenya, akaishika mbele ya pua ya Bonge, upande wa ule mkono ulionasa. Siyo mkono mwingine, ule ule! Bonge akawaza. Akafungua ngumi. Mkono ukatoka, umejaa mafuta, unafuata pipi. Shangazi mtu. Nilitaka kumkumbatia na kumfinya kwa pamoja.

Basi nikapanda jukwaani. Nikachomeka waya. Nikakaza nyuzi zote mpaka mwisho. Nikapiga.

Jamani! Sauti ilijaa ukumbi kama maji yanapojaa beseni. Kila uzi na pacha wake. Besi akafumba macho. Wifi akafumbua yake. Nikapiga tena, nikaona shingo inainama mbele kama inanisalimia. Skrubu ya kwanza ya pazia ikaruka. Ya pili ikapiga ngoma. Nikaendelea, mwanamuziki haachi wimbo katikati! Kisha krakk, shingo ikakatika, ikabaki inaning'inia kwa breki za baiskeli.

Besi akasema mwanzo ulikuwa mzuri sana, ila mwisho umewahi. Nafasi akapewa Wifi. Nikapiga makofi na Bonge akapiga, ananata pipi. Nililia njiani, siyo sana.

Jumapili, 9 Juni

Habari! Asubuhi Besi kapita nyumbani mwenyewe. Anasema ile sauti haijamtoka masikioni. Bendi inahitaji na gitaa la pili, mazoezi yanaanza Jumamosi ijayo, niende, mradi nije na kitu kitakachomaliza wimbo mmoja.

Nyuma yake akaja Wifi. Sikuamini. Anasema ana gitaa lake la zamani juu ya kabati, halina kazi, zima kabisa, nyuzi sita, nilichukue hata leo, tuwe tunakwenda mazoezini pamoja. Alisema kwa upole, hata kucha alizificha. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikamkatalia. Gitaa la kuazima! Bonge aambiwe mama yake anapiga gitaa la nani?

Tena nimeshaliona kosa lilipokuwa. Nimekaa na vile vipande, nimefikiri kwa utulivu kama mtu mzima. Kosa halikuwa nyuzi kumi na mbili. Kosa lilikuwa kuzibebesha shingo moja. Nyuzi zote zile, shingo moja, nani angevumilia? Kwa hiyo gitaa jipya litakuwa na shingo mbili! Na nyuzi nitaongeza, ziwe kumi na mbili kila upande, shingo zisioneane wivu.

Mbao zake nimeshapata. Mbili, ngumu, zimenyooka, zinafanana kabisa. Kitanda kina mbavu mbili, na nimekichunguza vizuri, kikisukumwa kwenye kona kinasimama chenyewe bila mbavu, mradi tu mtu apande taratibu na asilalie ule upande wa

Baba Bonge ananiita kutoka chumbani! Ananiita kwa jina langu la shule! Nakuja mume wangu, usijigeuze, shikilia dirisha, nakuja, nilikuwa tu namalizia kuandika jinsi ya ku