Potashi ya LaVar

Mpaka soksi, jamani! Alivua mpaka soksi, yule Desmond Pruitt mwenye tai ya hariri!

Ngoja, nianze vizuri. Pruitt aliingia mji wetu wa Idaho Falls, Marekani, Jumatatu. Kufika Jumatano keshamnusa LaVar, mkulima wa viazi, mgane, mwenye shamba la maana na masikio yanayokubali kila kitu. Nusu ya mji wetu imefanya kazi maabara ya nyuklia kule jangwani, kwa hiyo Pruitt alijua aimbe wimbo gani.

Alhamisi, sebuleni kwa LaVar: betri ya gari, fimbo mbili, sufuria ya maji ya chumvi, na mfuko wa chumvi yenyewe pembeni. Fimbo moja ikaanza kuota miba inayong'aa.

"Umeona, mzee wangu? Mafuta ya nyuklia yaliyochoka. Umeme unavuta urani safi, uchafu unabaki kwenye chumvi. Tia saini hati ya shamba, nikajenge kiwanda, tugawane faida."

LaVar akasaini. Hati ikazama mfukoni mwa suruali ya Pruitt, na moyo wake ukacheza ngoma.

Mara akaingia Arvilla, dada yake LaVar, na pai ya tufaha. Huyu miaka thelathini na moja kule maabara ameendesha mikono ya chuma nyuma ya kioo kinene, kazi hiyohiyo ya kusafisha urani! LaVar akamweleza yote, hati na kiwanda; dada akachungulia sufuria. Maji? Chumvi ya kazi hiyo huyeyushwa kwa moto wa digrii mia tano, na tone la maji ni mwiko. Akaenda garini kwake. Akaleta kipima mionzi chake.

"Mwanangu, ni urani kweli?"

"Kweli tupu, mama."

Kipima kikasogea kwenye mfuko wa chumvi. Krr-krr-krr.

Pruitt akapauka. "Haiwezekani! Hiyo mbolea tu! Potashi, nimeichota ghalani kwa LaVar!"

"Ghalani kwangu?" LaVar akaruka.

"Basi umeishika," Arvilla akasema, mpole kama muuguzi. "Kwetu maabara, aliyeshika kinacholia hatoki na nguo zake. Koti. Viatu. Suruali."

Pruitt akawaza: watu wa nyuklia hawa, nani ajuaye wanaficha nini ghalani? Akavua vyote, akavaa ovaroli ya karatasi aliyopewa na Arvilla, akachomoka.

Arvilla akapekua suruali, akachomoa hati, akampa kaka yake. "Potashi yote hukiliza kipima kidogo, ndiyo asili yake. Haidhuru hata kuku."

Ila ufunguo wa gari la Pruitt ulibaki kwenye suruali, na nje theluji! Alivyorudi kugonga mlango, na alichojibiwa dirishani... aa, hayo nitawasimulia kesho, mbavu zangu zikipoa kwa kicheko.