Okteni ya Kunipeleka Kwetu Mwika

Bi. Aikande Leodegar,
Rau, Moshi.
Alhamisi.

Meneja,
Kituo cha Mafuta Mteremko,
Barabara ya Himo.

YAH: KUUZIWA PETROLI ISIYO NA NAMBA, NA MADHARA YAKE KWA NDOA CHANGA

Ndugu Meneja Wenseslaus,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mke wa mtu kwa siku ya ishirini na sita, na kalamu inanitetemeka kwa furaha, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni mapenzi, si dharau. Nimeolewa na Leodegar, fundi umeme wa kiwanda cha sukari, kijana mrefu, mpole, mwenye vidole visafi hata akitoka kazini. Unamfahamu. Ni yule mwenye gari la bluu lenye mdomo juu ya boneti, linalopiga chafya kila akiachia mafuta.

Chafya hiyo ni ya tabo. Kwa kuwa hukuwahi kuuliza, naomba nikueleze. Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, nayo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa na petroli vikibanwa hivyo vinapata joto, na petroli dhaifu inawaka kabla ya cheche kuiambia iwake. Hapo injini inagonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Namba ya okteni ndiyo inayosema petroli inaweza kubanwa kiasi gani bila kuwaka mapema. Watu wengi wanadhani okteni ni ukali wa mafuta. Si ukali, ni uvumilivu. Mume wangu alinieleza hayo siku tuliyotoka kwenye semina ya wachumba parokiani, na katika yote niliyofundishwa siku ile, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Ndani ya mfuniko wa tangi la gari letu kuna karatasi ya Kijapani. Leodegar aliipiga picha, akaitafsiri kwa simu, akanisomea kwa sauti ileile aliyotumia kunichumbia: petroli ya okteni tisini na nane au zaidi. Ndipo yalipoanzia malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa namba ili walau barua hii iwe nazo.

1. Pampu zako zina bei, zina picha ya simba, zina onyo la sigara, lakini hazina okteni. Mume wangu alipouliza kwa adabu, dada Ruth wa pampu ya pili alimjibu, "Kaka, hii ni petroli, ile ni dizeli. Chagua." Alipouliza tena, dada Ruth akawageukia wenzake: "Jamani, kuna anayejua mambo ya namba? Huyu kaka anataka kuposa petroli!" Wakacheka mpaka yule wa kujaza upepo akaangusha bomba. Ndugu Meneja, wakati huo alikuwa ameshaniposa mimi.

2. Wewe mwenyewe ulitoka ofisini na kikombe cha chai ukamwambia, "Kijana, lori la Leonce linabeba ndizi za Mwika kila siku na halijawahi kuniuliza swali." Tunaziheshimu mvi zako. Lakini lori la Leonce linatumia dizeli. Kulitolea mfano mbele ya petroli ni sawa na kumwambia mgonjwa wa meno kwamba mbona kuku hana hata moja na anashiba. Nilistaajabu pia kwamba mtu anaweza kuuza kitu kwa miaka kumi na saba bila kutaka kujua ni nini. Mama muuza ndizi wa Kiboriloni hana ofisi wala kikombe, ila ukimwuliza atakuambia hii ni mshare, hii ni ya mbege, hii ni kisukari, na hii iache mpaka Jumanne. Wewe una petroli moja tu, na imekushinda.

3. Siku ya harusi tulijaza tangi kwako. Nilivalishwa saluni mjini, na Leodegar, ingawa kamati ilimkataza, akasisitiza kunipandisha kanisani Mwika kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka Himo nilijiona malkia. Kule ni tambarare. Mlima ulipoanza, injini ikaanza kugonga, na kompyuta ya gari, kwa kuihurumia injini, ikapunguza nguvu. Tukapanda kama tunasukuma kabati. Matarumbeta yaliyokuwa mbele yetu kwenye pikapu hayakugeuka nyuma. Yalifika kanisani yakipuliza kwa nguvu zote, wageni wakatoka nje kumpigia vigelegele bibi harusi ambaye hayupo. Tulipitwa na lori la Leonce. Tulipitwa na pikipiki iliyobeba madumu manne ya maziwa. Shangazi yangu Kornelia, aliyekuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, alitembea sambamba na dirisha langu, akanisalimu, akaninyoosha shela, akaniambia "Nakwenda kuoga, tutaonana huko," akatangulia. Tulipofika, Padri alikuwa ameshaanza na wenzetu wa kigango kingine, na sisi tulifungishwa ndoa kwa mishumaa iliyobaki. Ukumbini, baba yangu, Mzee Melkior, alipopewa kipaza sauti atupe nasaha, alisema sentensi moja tu: "Nashukuru, mkwe wangu ana gari zuri sana la kuteremkia." Watu walicheka mpaka keki ikaletwa.

4. Tangu hapo mume wangu amekuwa msomi wa mafuta. Nampenda zaidi kwa ajili hiyo, sikufichi. Lakini anatega sikio kwenye boneti zaidi kuliko alivyowahi kulitega kifuani pangu. Juzi nilimpikia machalari ya ndizi na nyama, akaonja, akafumba macho, akasema, "Tamu, ila kama inagonga kidogo." Mke mwingine angelia. Mimi nimeelewa kwamba kosa si la machalari.

5. Hili ndilo zito. Kwa desturi ya kwetu, harusi ikishapita, mume anampeleka mke kwao na mbege, pombe yetu ya ndizi, anaonana na wakwe akiwa ametulia, na baba mkwe anamnywesha kwa kata. Kabla ya siku hiyo mtu ameoa, ndiyo, lakini bado yuko mlangoni. Mama mkwe wangu ameshapika mbege mara mbili. Jumamosi ya kwanza gari letu, likiwa na petroli yako, lilifika mlima wa kwanza baada ya Himo, likagonga, Leodegar akageuza kwa uchungu. Jumamosi ya pili hakutoka kabisa. Alisema haiwezekani mtu adhalilishwe mara tatu kwenye kilima kimoja. Na mbege, Ndugu Meneja, haisubiri. Ukishatia ulezi umeshaweka tarehe. Zote mbili zilinywewa na majirani wa Rau, ambao sasa kila Ijumaa wanaulizia hali ya gari kwa upendo mkubwa.

Utasema tupande Noah kama watu wengine. Haiwezekani. Mume wangu alimwapia baba, mbele ya keki, kwamba atakuja na gari lake na litapanda. Baba akajibu, "Nitakaa barabarani nikusubiri." Na kweli anakaa. Mama amenipigia simu kwamba Jumamosi zote mbili alibeba kigoda akakaa pale kwenye kona mpaka jua likazama, akimwambia kila apitaye kwamba anamsubiri mkwe, anakuja, anapandapanda. Kijiji kizima kinakuja kusubiri naye. Jumamosi ijayo ni ya tatu, na ni ya mwisho, kwa sababu mama mkwe amesema hatapika ya nne.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama ni mengi.

Kwanza, kila pampu ibandikwe namba ya okteni, kubwa, ya kusomeka na mtu aliye ndani ya gari linalotetemeka.

Pili, ujenge pampu ya tisini na nane, peke yake, yenye paa lake na rangi nyeupe. Dada Ruth afundishwe kumpokea mteja kwa kuinama kidogo na kusema, "Karibu, tisini na nane." Asiongeze neno.

Tatu, kama hilo haliwezekani mpaka Jumamosi, basi usaidie kuuchonga mlima kutoka Himo hadi Mwika uwe tambarare. Naelewa kuna wageni wanaolipa kuupanda, lakini wao wanatumia miguu, nao wana sehemu nyingine nyingi za kupandia. Ukishindwa na hilo, kihamba cha baba yangu kihamishiwe Kahe ambako hakuna kilima hata cha kujikwaa: migomba, kahawa, ng'ombe wawili, na makaburi ya mababu, kwa heshima na kwa gari linalopanda.

Nne, upeleke isale. Wewe ni mtu wa mlimani, huhitaji kuelezwa kwamba aliyeshika jani hilo akiomba msamaha hakataliwi. Nenda nalo kwa baba yangu, kwa miguu, upite barabara ileile, ukaseme mbele ya watu walioketi naye kwenye kona kwamba lililoshindwa ni petroli, si mkwe. Ukichoka njiani pumzika. Sisi tulipumzika mara sita.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, yule kijana wa upepo, mke wako nyumbani na jumuiya yenu yote. Mwambie dada Ruth sina kinyongo naye. Mungu akupe mteja mwenye maswali.

Mimi katika furaha ya ndoa,
Aikande Leodegar (Bi.)

Nyongeza. Barua hii ilichelewa kutumwa, na leo ni Jumamosi jioni. Jana Leodegar alipata dumu la okteni mia moja kutoka kwa watu wa mashindano ya magari Arusha. Asubuhi tukatoka, ndoo ya mbege kiti cha nyuma, mimi mbele na gauni la kitenge kipya.

Lilipanda, Ndugu Meneja! Tulimpita Leonce kabla sijamaliza Baba Yetu. Tulimpita shangazi Kornelia, nikainua mkono kumpungia, nikawa nampungia mtu mwingine. Mume wangu hakunisemesha tangu Himo. Nilipomwambia "Leodegar, ndoo inamwagika," alininyooshea kidole kimoja na kusema, "Shhh, sikiliza tabo." Nikaisikiliza. Kwenye kona tuliwapita pia baba na kigoda chake na watu wote waliokuja kusubiri, ikabidi turudi nyuma. Baba alifungua mlango, akachungulia ndoo, akachungulia kiti, akachukua kata yake, akauliza kwa upole aanzie kipi.

Mama mkwe amekubali kupika ya nne, kwa kulia. Kwa hiyo maombi ya kwanza, ya pili na ya tatu nayafuta. Isale nimeshalikata mwenyewe na nimemshikisha anayestahili, yaani Leodegar. Usibandike namba yoyote. Ila kama katika matangi yako kuna petroli iliyo chini zaidi ya hiyo unayotuuzia siku zote, tuwekee lita ishirini za Jumamosi ijayo. Injini ikifa njiani tutatembea, na nina maneno ya siku ishirini na nane ya kumwambia mume wangu. Akiuliza namba, dada Ruth ajibu mia moja, bila kucheka.