Shimo la Mama Tsofa na Kamati ya Mvua Iliyokwisha Kuanguka

Watu wa Timbwani walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba kuanzia Jumatatu ile mvua haitakuwa tena jambo la kila mtu na paa lake. Imeundwa Kamati ya Kusimamia Mvua Iliyokwisha Kuanguka. Mvua iliyoko mawinguni ingebaki mikononi mwa Mungu, maana huko kamati haina gari la kufikia. Lakini tone likishagusa bati au makuti, hilo ni la kamati, na mwenyekiti wa kamati ni Bwana Mwidani.

Bwana Mwidani alikuwa mtu wa haki, tena alizijua haki zake zote. Asubuhi alikuwa mwenyekiti, jioni alikuwa mwenye ardhi. Nusu ya mtaa ilikaa juu ya mchanga wake, kwa ada ile ile ya pwani: ardhi ya huyu, nyumba ya yule, kila mtu na chake. Na ada hiyo ina kifungu kimoja kitamu sana kwa mwenye ardhi. Nyumba ikianguka, mwenye nyumba huokota fito zake akaenda zake, na kiwanja humrudia mwenyewe.

Si kwamba Bwana Mwidani alimwombea mtu mabaya, hasha. Ila alikwisha kumpa mkono tajiri mmoja wa Nairobi aliyetaka kiwanja karibu na barabara ya feri apige ghorofa, na kwenye kiwanja hicho ilisimama nyumba ya udongo ya Mama Tsofa, mjane wa Kigiriama muuza mahamri. Kila masika maji yalikuwa yakiula ukuta wa mbele. Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Mwidani alipita pale kuujulia hali ukuta.

Masika ya mwaka wa tisini na nne yakaja na ghadhabu zake zote, na ukuta usianguke. Kumbe Mama Tsofa alikuwa amechimba shimo mbele ya nyumba, kina cha magoti, upana wa mikeka miwili, na kingo zake akazilaza taratibu kama sahani. Akatia mchanga na mbolea ya samadi. Akayaelekeza humo maji yote ya paani na ya uani, akapanda majimbi, mchaichai na mkadi. Mvua ikinyesha, maji yaenda shimoni yatulie. Mchanga wanywa, mizizi yanywa, na kesho yake huoni hata kidimbwi cha mbu kutagia. Jirani mwenye kisima akaanza kusema maji yake yamepungua chumvi. Mambo haya yalimsikitisha sana Bwana Mwidani, kwa niaba ya umma.

Akaenda na karani wake, Masha.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Mwidani. Za kwako?"

"Njema. Nimekuja kiserikali, Mama Tsofa."

"Basi keti kiti cha kiserikali. Hicho chenye miguu mitatu."

Bwana Mwidani alibaki amesimama, kwa heshima ya ofisi. "Shimo hili lina kibali?"

"Kibali cha kupokea maji ya paa langu mwenyewe?"

"Maji yakishaanguka si yako, ni ya umma. Nawe wayameza. Mtaa mzima una mafuriko, wewe peke yako huna. Huo ni ubaguzi."

Masha akaandika kwamba ni ubaguzi.

"Na wenzangu nao wakichimba yao?" akauliza Mama Tsofa.

"Mafuriko yatakwisha. Na yakiisha, kamati isimamie nini?"

Hoja ilikuwa nzito kiasi kwamba Masha aliacha kuandika akatikisa kichwa kuafiki. Ikaamriwa shimo lifukiwe Alhamisi asubuhi, kwa kuwa siku hiyo Mkurugenzi wa Mvua angefika kutoka Nairobi kukagua mafuriko, na ingekuwa aibu akute mahali hayapo.

"Bwana Mwidani, likifukiwa hilo, nyumba hii haimalizi juma. Nami sina pa kwenda."

"Nyumba si idara yangu, mama. Mimi ni mvua tu."

Ukuta ule Mama Tsofa aliukandika na marehemu mumewe, kwa mikono. Machozi yakamlenga. Bwana Mwidani aliyaona vizuri, akaona heri atazame majimbi.

Alhamisi mvua ikawahi kufika kabla ya Mkurugenzi. Vibarua wa kufukia walikwama njiani, matope hadi mapajani. Ofisi ya kamati, ambayo uwanja wake wote ulisakafiwa kwa saruji ili upendeze, iliingiwa na maji hadi mafaili yakaelea. Mkurugenzi alishuka garini na viatu mkononi, suruali imekunjwa, akauliza kama tarafa hii ina mahali popote pakavu. Hapakuwa na budi ila kumpeleka kwenye baraza ya Mama Tsofa.

Akaandaliwa chai ya mchaichai na mahamri ya moto. Alipopata joto, akalitazama shimo linavyokunywa.

"Hii ni bustani," alisema. "Bustani ya mvua. Wafadhili wanatuuliza habari za kitu kama hiki mwaka wa pili sasa, nasi hatuna cha kuwaonyesha. Kazi ya nani hii?"

Neno *wafadhili* lilimwingia Bwana Mwidani likatoa nje kila alichokuwa akikikumbuka, ghorofa na tajiri wake. "Yangu, mheshimiwa."

Mama Tsofa alimgeukia polepole. Akaweka birika chini.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema. "Shimo liko kwenye ardhi, na ardhi ni yake. Ndiyo ada yetu huku. Mimi nina nyumba tu, na hayo majimbi."

"Wakiri mbele ya watu kwamba shimo ni lako?" Mkurugenzi akamuuliza Bwana Mwidani.

"Wallahi ni langu. Kila punje ya mchanga uliopo hapa ni yangu."

Mkurugenzi akasimama, bila viatu. "Basi kuanzia leo hii ni Bustani ya Mvua ya Mfano. Haitafukiwa, haitajengwa juu yake, haitauzwa. Kiwanja kizima kimetengwa kwa manufaa ya umma."

Masha akaandika.

"Na hii nyumba?" Mkurugenzi akauliza.

"Nyumba ndiyo iletayo maji, mheshimiwa," alisema Mama Tsofa. "Pasipo paa, shimo litapokea nini?"

"Sawasawa. Nyumba nayo ni sehemu ya bustani. Isiguswe. Ikipata ufa, mwenye shimo auzibe siku hiyo hiyo."

Aliyejipalia makaa hana wa kumlilia.

Jumamosi alikuwa pale, suruali imekunjwa, akiutoa shimoni udongo ulioletwa na mvua na kuupeleka ukutani kwa mikono miwili. Watu walipita wakimwamkia kwa adabu, naye akiitikia bila kugeuka. Mama Tsofa alikuwa barazani akisukuma mahamri.

"Bwana Mwidani, hapo chini ya dirisha pamebakia ufa."

Akachota konzi nyingine ya mchanga wake mwenyewe, akaushindilia ufani, kisha akaulainisha kwa kiganja ili ukuta usije ukaanguka.