Samaki wa Mlimani kwa Mzee Wangwe

Jumapili, 11 Januari 2026

Ijulikane kwa wote watakaoisoma shajara hii, ingawa hakuna atakayeisoma kwa sababu naifungia kwenye droo ya misumari: leo saa nne asubuhi, katika soko la Ndhiwa, mimi Onchiri, mwuza mabati na rangi, nimenunua kofia ya uvuvi. Ina kamba ya kidevuni. Ina mifuko miwili. Kofia inaweka nini mfukoni sijui, lakini nitajua.

Sababu ya kofia ni Kezia. Sababu ya Kezia haihitaji maelezo. Shida ni babake, Mzee Wangwe wa Kisegi, aliyevua Ziwa Victoria miaka arobaini. Wiki jana nilienda kujitambulisha. Akanikazia macho, akauliza Mkisii, mtu asiye na ziwa, anajua nini kuhusu samaki. Ningejibu tu kwamba najua kuwala. Badala yake nikasema mimi huvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye maziwa ya juu kabisa ya Mlima Kenya. Kila mwaka! Mzee akasogeza kiti karibu. Halafu akasema samaki huyo hajawahi kumtia machoni, na angependa kumwona kabla hajafa. Nimpeleke. Tukirudi ndipo atasema kama wazee wangu waje kuongea mahari ama wabaki kwao.

Mlima Kenya nimeuona kwenye kalenda.

Jumatatu, 12 Januari

Nimenunua fimbo ya kuvulia. Kwa Willis, kwa bahati mbaya. Willis ana kibanda jirani, anauza nyavu na ndoana, na hajui kufunga mdomo. Akauliza hii ni ya mtoto? Nikamwambia ni ya mtaalamu. Akaita majirani waje kumwona mtaalamu. Akawaambia, huyu omera, ndugu yetu, hata omena, vidagaa vile, amewashika kwa kijiko tu.

Nimefanya mazoezi nyuma ya duka. Kurusha mara ya kwanza: nimenasa bati. Mara ya pili: bati lile lile. Mara ya tatu ndoana ilipaa vizuri, ikavuka ua, ikarudi na wigi ya mteja wa Willis. Mama mwenyewe alikuja nyuma yake, mbio.

Kwa siku ya kwanza si haba. Ni kitu kilichokuwa kinatembea.

Jumatano, 14 Januari

Kezia amepiga simu. Babake anauliza kama trauti ana magamba, maana sisi Wasabato hatuli samaki asiye nayo. Nikamwambia yapo. Madogo, ya adabu. Kezia akauliza mara mbili kama nina hakika na hii safari. Akasema wanaume wawili walishakuja kwao kabla yangu, na Mzee aliwarudisha kabla chai haijapoa. Hataki niwe wa tatu. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

Kwa hivyo leo nimepanga kwa akili zangu zote. Nimepata mtu wa kutuongoza mlimani. Nimepata kibali. Ratiba ni hii: kesho kufunga mizigo, Ijumaa kusafiri kutwa nzima, Jumamosi kuvua kuanzia alfajiri. Uzuri ni kwamba Jumamosi duka langu huwa limefungwa, kwa hivyo sipotezi hata mteja mmoja! Watu husomea kupanga mambo. Mimi nimezaliwa nayo.

Alhamisi, 15 Januari

Mzee amefika kutoka Kisegi, kafikia kwa Kezia hapa Ndhiwa. Blanketi, Biblia, kitabu cha nyimbo, na gunia tupu la kubebea samaki. Kezia akapika chai. Nikavaa kofia, nikasimama, nikasoma ratiba kwa sauti ya mkutano.

Nilipofika Jumamosi, Kezia akaweka kikombe chini. Mzee akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akauliza kwa upole kabisa kama nataka kumpandisha mlimani siku ya Sabato avunje amri karibu na Mungu mwenyewe, ili Mungu amwone vizuri.

Nimefunga duka kila Jumamosi miaka kumi na miwili. Leo ndio nimekumbuka kwa nini.

Nimempigia mtu wa mlimani. Siku nyingine hana hadi mwezi wa tatu. Mzee akaanza kukunja gunia. Na gunia likishakunjwa, Kezia naye amekwenda! Nikasikia mdomo wangu ukisema upo mlima mwingine, wa karibu, na kesho tutaenda na kurudi kabla jua halijatua.

Ijumaa, 16 Januari

Mlima wa karibu ni kwa binamu yangu Orina, juu huko Kisii. Kuna kijito unachoweza kukiruka ukiwa na viatu. Jana nilimwagiza Orina atafute samaki mkubwa mwenye magamba, amfunge majini chini ya mti ulioanguka. Zaidi ya hapo sikueleza. Nilidhani mtu mzima haambiwi kila kitu.

Nilirusha. Nikapapasa na fimbo hadi ndoana ikashika. Nikapiga kelele, nikavuta, nikaanguka kidogo kwa heshima ya tukio. Akatoka samaki mrefu kama mkono!

Mzee akamgeuza upande huu, upande ule. Akasema huyu anamfahamu. Ni mbuta, wa kule kule ziwani kwao. Akasema samaki huyu amepanda mlima wote huu, si mchezo, na matumbo ameyaacha nyumbani ili awe mwepesi. Halafu akaonyesha mbavuni, palipochanjwa sokoni tayari kwa kukaangwa. Na hizi chale, mwanangu, alichanjwa kwa mganga gani?

Njia yote ya kurudi ameangalia dirishani, mabega yakimtetemeka. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi, 17 Januari

Sabato. Kuandika ni kazi, kwa hivyo naandika kidogo. Mhubiri amehubiri juu ya wavuvi. Sikuona sababu ya kuchagua somo hilo.

Jumapili, 18 Januari

Kezia amekuja dukani mapema. Anasema babake alikuwa anacheka. Alicheka garini, akacheka akivua viatu, jana akatoka kanisani katikati ya mahubiri akacheke nje. Hajacheka hivyo tangu wamzike mamake Kezia. Ameshaisimulia nusu ya Kisegi kwa simu.

Baadaye Mzee mwenyewe akaniita. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Mikono yangu ni laini kama ya karani. Wale wawili wa mwanzo walimwambia ukweli mtupu na walikuwa wamepooza kama uji wa jana. Mimi ni mwongo, lakini uongo wangu unaonekana kutoka mbali, na mtu kama huyo hawezi kumficha binti yake kitu. Wazee wangu waje Februari!

Ningeshukuru tu, niondoke. Akauliza tu, kwa kuongea, watu wangu wote hao wa harusi watafikaje Kisegi na barabara ile. Nikamwambia asijali. Watapanda boti Homa Bay, na nahodha ni mimi mwenyewe. Ni kazi niliyoizoea. Mabega yakaanza kumtetemeka tena, akasema sawa, nahodha.

Nimeshaulizia kofia ya nahodha. Zipo, nyeupe, zina nanga mbele.

Sijui kuogelea.